Kutuma bastola kwa fundi nchini Marekani: sheria, gharama na hatua zake

Ijumaa moja jioni rafiki yangu wa Columbus, Ohio, alinipigia simu akiongea kwa sauti ya chini. Alikuwa ametoka duka la vifurushi, boksi bado liko mikononi. Bastola yake ilikuwa na hitilafu na mtengenezaji yuko jimbo lingine. Akaifunga vizuri, akaenda kaunta, na alipoulizwa kuna nini ndani akasema ukweli. Karani akarudi nyuma hatua moja, akamwambia hapo hawapokei silaha, aondoke nalo. "Kaka," akaniuliza, "nimevunja sheria? Wataniitia polisi?"

Hakuvunja sheria yoyote ya shirikisho. Alichokosa ni lebo ya usafirishaji iliyotolewa na mtengenezaji. Nimeshaulizwa jambo hili na Waswahili wenzangu wa Texas, Ohio na Minnesota mara nyingi, na karibu wote wanajikwaa pale pale: wanadhani tatizo ni sheria, kumbe tatizo ni masharti ya kampuni inayobeba mzigo. Ukilielewa hilo tangu mwanzo utaokoa pesa, na hutajikuta umesimama kaunta na boksi lisilopokelewa.

Sheria inaruhusu, mbeba mzigo ndiye anayekataa

Sheria kuu ya silaha ya shirikisho ni Gun Control Act, ambayo Rais Lyndon Johnson aliitia saini Oktoba 1968, mwaka ule ule waliouawa Martin Luther King na Robert Kennedy. Miaka mitano kabla yake John Kennedy alikuwa ameuawa kwa bunduki iliyonunuliwa kwa oda ya posta. Ndiyo maana sheria hiyo ilibana sana silaha kusafiri kutoka jimbo moja hadi jingine kati ya watu wasio na leseni.

Lakini iliacha mlango kwa ajili ya matengenezo. Mtu anayemiliki silaha kihalali anaweza kuipeleka kwa mtengenezaji au fundi mwenye leseni ya shirikisho, hata aliye jimbo lingine. Naye mwenye leseni, kwa kifungu cha 922(a)(2)(A), anaweza kumrudishia aliyeituma moja kwa moja, mpaka mlangoni. Ikiwa haitengenezeki, anaweza kumtumia nyingine ya aina ile ile badala yake. Leseni hiyo ndiyo wanayoiita FFL, na ATF, idara ya shirikisho inayosimamia silaha, ndiyo inayoitoa.

Sasa njoo kwa wabebaji. Posta ya Marekani, USPS, haipokei bastola kutoka kwa mtu binafsi. Marufuku hayo ni ya tangu 1927, yamo katika kifungu cha 1715 cha sheria za jinai za shirikisho, na adhabu yake hufika kifungo cha miaka 2. Bunduki ndefu unaweza kuituma kwa Posta ikaenda kwa fundi, bastola huwezi. Marufuku hayo yamepingwa mahakamani, lakini mpaka Posta yenyewe ibadilishe kanuni zake katika kitabu chao kiitwacho Publication 52, chukulia kwamba bado yapo. Wenye leseni, watengenezaji na wauzaji, wao wanaruhusiwa kutumiana bastola kwa Posta wakijaza Fomu 1508.

UPS na FedEx ni kampuni binafsi na kila moja ina masharti yake. Zamani mtu binafsi aliweza kutuma bastola kwa huduma ya usiku mmoja, kwa bei ya kuumiza, ila ilipokelewa. Siku hizi zote mbili zinapokea silaha kwa watu wenye leseni waliotia saini mkataba nazo. Ukienda mwenyewe na lebo uliyojinunulia mtandaoni, unavunja masharti yao hata kama sheria ya nchi iko upande wako. Kifurushi kikipotea, bima haitakulipa.

Kwa hiyo zimebaki njia mbili: bastola isafiri kwa lebo ya mtengenezaji, au isafiri kwa mkono wa muuza silaha mwenye leseni. Nitazieleza zote, lakini kwanza kuna jambo linalotuhusu sisi kuliko wenyeji.

Kabla ya yote: je, wewe unaruhusiwa kuwa nayo?

Ruhusa ya kutuma kwa fundi ni ya mtu anayemiliki kihalali. Mwenye green card anaruhusiwa na sheria ya shirikisho kumiliki bastola, kama raia. Aliye hapa kwa viza ya muda, ya masomo, ya kazi au ya matembezi, kwa kawaida haruhusiwi hata kuishika, isipokuwa awe ndani ya moja ya misamaha michache, kama vile kuwa na leseni halali ya uwindaji iliyotolewa na jimbo. Asiye na karatasi haruhusiwi kabisa. Aliyehukumiwa kwa kosa kubwa, au hata kosa dogo la kumpiga mke, mume au mzazi mwenzake, naye haruhusiwi.

Nasema hivi kwa uzito kwa sababu hatia ya kosa la silaha ni sababu ya kufukuzwa nchini, hata kwa mtu aliyekaa na green card miaka ishirini. Kama hadhi yako ya uhamiaji ina utata wowote, ongea na mwanasheria wa uhamiaji kabla hujampigia fundi.

Nyumbani kwetu wageni hawakatiki. Bastola inaporudi kutoka kiwandani, mtu mzima lazima atie saini. Kama mama mkwe amekuja kutembea kwa viza ya matembezi, asiipokee yeye. Akitia saini na kuiweka kabatini, ameshika silaha wakati sheria inamkataza. Watu wengi hawalijui hili, na kosa lenyewe hufanywa kwa nia njema kabisa.

Hatua ya 1: Iondoe risasi, kwa mpangilio sahihi

Hili ufanye kabla hata ya kuichunguza. Elekeza mtutu mahali salama, kidole kiwe nje ya kifyatulio. Toa magazini kwanza. Kisha vuta slaidi nyuma mpaka mwisho, iliyomo ndani irukie nje, uifunge slaidi ikiwa wazi. Ukigeuza mpangilio, yaani ukavuta slaidi wakati magazini bado imo, slaidi ikirudi itachukua risasi nyingine na kuiingiza chemba. Utatoa magazini ukiamini bastola ni tupu, kumbe ina moja ndani. Makosa ya namna hiyo yameua watu sebuleni.

Tazama chemba kwa macho, kisha ingiza kidole kidogo uguse shimo lenyewe. Kwa bastola ya silinda, fungua silinda na uhesabu matundu yote. Risasi zote zipeleke chumba kingine kabla hujaendelea.

Ikiwa risasi imekwama ndani na slaidi haifunguki, usiitume kwa njia yoyote. Piga simu kwa fundi wa karibu, mweleze hali ilivyo, na umuulize anataka uilete vipi. Usiingie nayo dukani ukiwa umeishika mkononi.

Hatua ya 2: Hakikisha inahitaji kusafiri

Hapa ndipo pesa nyingi huokolewa. Bastola inayokwama kila baada ya risasi chache mara nyingi ina springi iliyochoka, magazini iliyopinda mdomo, au uchafu uliogandana chini ya ndoana inayovuta ganda. Jaribu magazini nyingine. Jaribu risasi za aina nyingine. Safisha vizuri. Yangu ilikuwa ikiacha slaidi nyuma kidogo tu, kama milimita mbili, haifungi mpaka mwisho. Nilikuwa tayari kuituma, mpaka fundi mmoja mzee hapa Dallas alipoibonyeza springi kwa kidole gumba akaniambia, "Hii imekufa." Nikanunua nyingine kwa bei ya chakula cha mchana.

Fundi wa karibu ana faida nyingine: unampelekea mwenyewe, hakuna nauli. Akiitengeneza ukiwa umekaa hapo ukisubiri, halazimiki kuiandika katika daftari lake la shirikisho. Ikilala kwake, ataiandika, na ukija kuichukua hutajazishwa Fomu 4473, ile ya ununuzi, kwa sababu unarudishiwa kilicho chako.

Kuna njia nyingine ambayo wengi hawaifikirii. Kwa sheria ya shirikisho, silaha ni fremu, ile sehemu yenye namba ya silaha inayobeba mitambo ya kufyatulia. Slaidi peke yake ni kipuri. Kama kazi ni ya slaidi tu, mathalani kubadili vilenga shabaha, kuchonga upya au kupaka rangi, unaweza kuivua na kuituma slaidi kwa Posta kama kifurushi cha kawaida ndani ya Marekani, fremu ikabaki nyumbani. Tofauti ya gharama ni kubwa. Angalia tu muundo wa bastola yako: kwenye Sig Sauer P320, kwa mfano, chenye namba ya silaha ni kile kizimba cha chuma cha mitambo ya kufyatulia, na ganda la plastiki la kushikia si silaha. Kwenye bastola ya silinda njia hii haisaidii sana, kwa kuwa mtutu umekazwa kwenye fremu na fundi anahitaji vyote pamoja.

Hatua ya 3: Mpigie mtengenezaji

Ikiwa ni lazima iende kiwandani, anza kwa simu au fomu ya huduma kwa wateja iliyo kwenye tovuti yao. Usitume kitu bila namba ya kazi waliyokupa. Watakuuliza modeli, namba ya silaha, tatizo ni nini, na ulinunua lini.

Kuhusu dhamana, kila mmoja ana yake, na majina makubwa hayafanani. Smith & Wesson wana dhamana ya mwaka 1 pamoja na sera ya huduma ya maisha kwa mnunuzi wa kwanza. Glock wanatoa dhamana ya mwaka 1. Ruger hawatoi dhamana ya maandishi kabisa, na sababu wanayoitaja ni sheria ya dhamana za bidhaa ya 1975, lakini wanajulikana kwa kuzitengeneza bastola zao vizuri hata baada ya miaka mingi. Kwa hiyo kukosa karatasi ya dhamana kusikukatishe tamaa. Uliza.

Uliza maswali matatu, uandike majibu na jina la aliyekujibu. Je, mtanipa lebo iliyolipiwa? Nauli ya kurudi ni ya nani? Kama tatizo haliko chini ya dhamana, mtanipigia na bei kabla ya kuanza kazi?

Swali la kwanza ndilo lenye uzito. Mtengenezaji ana leseni na ana mkataba na kampuni ya vifurushi, hivyo lebo aliyoitoa yeye inasafiri chini ya akaunti yake. Kaunta inayokukataa na lebo yako inaweza kuipokea ya kwake. Hata mtengenezaji anapokutoza nauli, ichukue lebo yake ulipe, kwa sababu huwezi kuipata kihalali kwa bei hiyo kwingineko.

Na kama unatuma kwa fundi binafsi badala ya kiwanda, omba nakala ya leseni yake. Kisha ingia kwenye huduma ya ATF iitwayo FFL eZ Check, weka tarakimu 3 za mwanzo na 5 za mwisho za namba ya leseni, na uone kama jina na anwani vinalingana. Ni kazi ya dakika moja. Mtu anayefanya ufundi wa silaha kama biashara bila leseni si fundi wa kumtumia bastola, hata awe hodari namna gani.

Hatua ya 4: Kama hakuna lebo, nenda kwa muuza silaha

Muuza silaha wa mtaani kwako mwenye leseni anaweza kukutumia. Unampelekea bastola, anaandika daftarini kwamba ameipokea kwako, anaifunga, na anaituma kwa mtengenezaji au fundi kwa Posta na Fomu 1508 au kwa kampuni aliyo na mkataba nayo. Baadhi ya maduka hufanya hivi kila wiki. Mengine hayataki usumbufu, hasa kama hukununua kwao. Piga simu maduka matatu au manne kabla ya kuondoka nyumbani.

Gharama inategemea vitu viwili: ada ya duka na nauli. Maduka niliyoyauliza mimi eneo la Dallas yalitaka kati ya dola 20 na 40 kama ada ya kazi. Posta ndiyo nauli nafuu, na duka linaloitumia hutoza kidogo. Duka linalotumia kampuni binafsi litakuwa ghali zaidi, kwa kuwa kwa miaka mingi kampuni hizo zimetaka bastola isafiri kwa huduma ya usiku mmoja. Mimi nililipa dola 52 kwenda, vyote pamoja na bima. Kabla hujakubali, uliza kama bei ni ya kwenda tu au na kurudi, kwa maana maduka mengine hutoza ada nyingine bastola ikirejea kupitia kwao. Omba irejee moja kwa moja kwako kama jimbo lako linaruhusu, lakini elewa kwamba mtengenezaji humrudishia aliyemtumia. Kama duka ndilo lililotuma, mara nyingi itarudi dukani.

Fanya hesabu kabla ya kutoa pesa. Bastola ya dola 250 iliyotumika, yenye nauli ya dola 52 kwenda, dola 40 kurudi na ufundi wa dola 120, imekula dola 212. Hapo ni bora kumwuliza fundi wa karibu tena, au kuiacha ipumzike. Bastola ya marehemu baba mkwe ni jambo jingine, hiyo haina bei.

Jambo moja kuhusu familia: anayetuma awe ndiye mwenyewe. Sheria inaruhusu irudishwe kwa mtu aliyeituma. Ukimpa shemeji aitume kwa jina lake kwa kuwa anakaa karibu na duka, itarudi kwa shemeji, na kama jimbo lenu linadhibiti nani anaweza kumkabidhi nani bastola, mmejitengenezea kesi.

Hatua ya 5: Kufunga

Vua kila kitu ulichoongeza: tochi, kilenga cha kioo, mpini au kifyatulio cha kampuni nyingine. Kiwanda hurudisha bastola katika hali waliyoiuza, na vipuri vya watu wengine wanaweza kuvitoa. Weka magazini moja tu, tupu, na hiyo iwe ile inayoonyesha tatizo. Risasi hata moja isiingie kwenye boksi, hata ile unayotaka kuwaonyesha iliyokwama. Ganda tupu lenye alama ya hitilafu, wapigie picha.

Pitisha kamba ya plastiki ya kufungia kwenye shimo la magazini na juu kupitia mahali pa kutolea maganda, slaidi ibaki wazi. Anayefungua boksi ataona kwa mtazamo mmoja kwamba haina kitu. Futa mafuta ya ziada. Iweke kwenye mfuko wa plastiki, kisha kwenye kasha gumu, kisha kasha ndani ya boksi jipya la karatasi ngumu, likizungukwa na vijazio pande zote. Funga, kisha tikisa. Ukisikia kitu kinagonga, fungua ufunge upya.

Nje ya boksi pasiwe na neno wala picha inayohusu silaha. Sheria ya shirikisho yenyewe inakataza mbebaji kukulazimisha kuandika nje kwamba ndani mna silaha, kwa sababu ya wizi. Usitumie boksi kuukuu lililokuja na risasi au vifaa vya shabaha. Rafiki yangu wa Columbus alitumia boksi la mtengenezaji lenye nembo kubwa, na hata angepokelewa, hilo lingekuwa tangazo kwa kila mtu kuanzia kaunta hadi gari la mwisho.

Ndani weka barua. Mafundi wa kiwandani hupokea bastola nyingi zenye karatasi iliyoandikwa "haifanyi kazi", nao wanabaki kubahatisha. Andika jina, simu, namba ya kazi, namba ya silaha, kisha tatizo kwa hesabu: "Kati ya risasi 50, inashindwa kutoa ganda mara 6 au 7, zaidi magazini inapokaribia kwisha. Nimejaribu risasi za aina mbili na magazini tatu. Ilianza baada ya risasi kama 900." Fundi akisoma hivyo anajua pa kuanzia. Iandike kwa Kiingereza, na kama Kiingereza chako kina wasiwasi, sentensi fupi zinatosha.

Piga picha bastola pande zote mbili, namba yake, barua, na boksi likiwa wazi na likiwa limefungwa. Picha hizi ndizo ushahidi wako.

Hatua ya 6: Kukabidhi

Peleka Jumatatu au Jumanne, isilale ghalani mwishoni mwa wiki. Safirisha kwenye buti ya gari, imefungwa, bila risasi, moja kwa moja hadi unakoenda. Sheria za kubeba silaha garini hutofautiana kwa jimbo, na ukivuka mpaka wa jimbo, sheria ya 1986 inakulinda tu ikiwa silaha haina risasi, haifikiki kutoka ulipokaa, na ni halali kwako kuwa nayo kule utokako na kule uendako.

Fuata maelezo yaliyokuja na lebo. Kwa kawaida watakuambia upeleke kituo kikuu cha kampuni chenye wafanyakazi wake, si duka la wakala wala sanduku la kudumbukiza. Maduka ya The UPS Store, kwa mfano, hayapokei silaha kabisa. Rafiki yangu alikuwa ameenda duka la wakala, na kama angeuliza kwanza asingepoteza jioni yake.

Kaunta, sema wazi na kwa utulivu: kifurushi hiki kina bastola isiyo na risasi, kinakwenda kwa mtengenezaji mwenye leseni, na hii ni lebo yao. Nilichapisha barua pepe ya mtengenezaji nikaenda nayo. Karani alipositasita nilimpa, akamwita msimamizi, msimamizi akaisoma, ikaisha. Bila karatasi ile ningerudi nayo nyumbani. Wakikataa, usibishane. Rudi, mpigie mtengenezaji, mara nyingi anaweza kupanga ichukuliwe nyumbani.

Usidanganye hata siku moja kilichomo ndani. Nimesikia watu wakishauriana kuandika "vipuri vya mashine". Unapoteza bima, unavunja mkataba, na kama mambo yataharibika, uongo huo ndio utakaosomwa mbele ya hakimu kabla ya jina lako.

Chukua risiti yenye muda na namba ya kufuatilia. Usiondoke bila hiyo.

Hatua ya 7: Kusubiri, kupokea, kukagua

Kifurushi kikitoweka, siku hiyo hiyo mpigie mtengenezaji na mbebaji, kisha toa taarifa polisi ukiwa na namba ya silaha. Kama ni duka lililotuma, duka lina saa 48 tangu ligundue upotevu kuripoti ATF na polisi. Waulize kama wamefanya hivyo.

Ikirudi, linganisha namba ya silaha na picha yako kabla ya jambo lingine lolote. Ikiwa wamekupa mpya badala ya ile, namba ni nyingine. Sheria ya shirikisho haina tatizo na hilo, lakini jimbo lako linaweza kuwa nalo. New York kila bastola imeandikwa kwenye leseni ya mmiliki. Hawaii bastola husajiliwa. Illinois mmiliki huwa na kadi ya FOID, kitambulisho cha jimbo cha mwenye silaha. Ukiwa katika majimbo ya namna hiyo, mpigie muuza silaha wa hapo mwambie unategemea kurudishiwa bastola, tena kabla hujaituma, maana watengenezaji wengine huamua kuipitishia dukani.

Kama hakuna mtu mzima anayeruhusiwa atakayekuwa nyumbani siku hiyo, muombe mtengenezaji aielekeze kwa duka lenye leseni. Kwenye nyumba za kupanga, ambako vifurushi hulala mlangoni, mimi ningechagua duka hata kama lina ada.

Walio Afrika Mashariki

Ninaulizwa pia na ndugu wa Nairobi na Dar kama wanaweza kutuma bastola zao kiwandani Marekani kwa njia hii. Hapana. Njia hii ni ya ndani ya Marekani. Silaha kuvuka mpaka inahitaji vibali vya nchi zote mbili, na hata kipuri kidogo kutoka Marekani kinaweza kuhitaji leseni ya kusafirisha nje. Kenya ofisi ya kuanzia ni Bodi ya Leseni za Silaha. Tanzania ni polisi, chini ya sheria ya udhibiti wa silaha na risasi ya 2015. Ndugu aliye Marekani asikubali kuweka springi wala magazini kwenye begi la mtu anayekuja nyumbani, hata akiombwa na kaka yake wa damu.

Kwenye uwanja wa shabaha

Bastola iliyotoka kiwandani ichukulie kana kwamba ina risasi mpaka uhakikishe, kama hatua ya 1. Soma karatasi ya kazi uone walichobadilisha. Siku ya kwanza peleka risasi zisizopungua 50, za aina ile ile uliyokuwa ukitumia ilipoharibika, na magazini ile ile. Andika kila hitilafu pembeni ya nakala ya barua uliyowatumia. Ikirudia, wapigie kesho yake ukiwa na karatasi hiyo mkononi, na uombe lebo nyingine kwa namba ya kazi ile ile.